Kuomba Kazi Si Kuombaomba



Kitenzi "kuomba" kimebeba mzigo mkubwa katika lugha yetu. Muumini humwomba Mungu, mtoto huomba maji, mkosaji huomba radhi, na kijana aliyehitimu huomba kazi. Ukilirudia shina lake mara mbili unapata "ombaomba", yaani mtu aketiye kando ya njia akimnyooshea mkono kila apitaye. Karibu kila mwaka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu huniuliza: "Mwalimu, ikiwa kitenzi ni kimoja, anayeomba kazi ana tofauti gani na ombaomba?" Wenzake hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu nimeona nyumba moja, nayo ni nyumba yetu, ikikaribia kupoteza shamba kwa kukosa jibu la swali hilo.

Nataka tulitafute jibu hilo pamoja kwa kuufuata mfano wa mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi. Litazame kwanza neno lenyewe. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Muuguzi, basi, ni mtu ambaye kazi yake ni kuuguza. Watu wengi husema "nesi", nalo ni neno linaloeleweka kila mahali, lakini katika "muuguzi" ugonjwa na huduma vimefungwa pamoja, na ndiyo maana ninalipenda zaidi.

Mdogo wangu alisoma uuguzi kwa miaka miwili na nusu, akafaulu mtihani wa taifa. Majirani walikuja kutupongeza kana kwamba kesho yake angevaa sare na kuingia wodini. Haikuwa hivyo. Hapa kwetu Uganda zipo karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti, ambacho husema kwamba umesoma na umefaulu. Ya pili ni hati ya usajili, ambayo husema kwamba Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1996, limekuandika katika daftari lake. Ya tatu ni leseni, ambayo hukuruhusu kumhudumia mgonjwa, nayo huisha muda wake na kuhitaji kuhuishwa. Cheti ni chako hadi kaburini. Leseni ni ruhusa ya muda tu. Mwajiri makini huuliza zote tatu, na mwombaji anayepeleka cheti pekee huondolewa kabla jina lake halijasomwa mara ya pili.

Ilimchukua miezi kadhaa kuzikamilisha. Alipozipata zote alizitia katika bahasha ya plastiki na kuilaza chini ya godoro. Ndipo alipokuja dalali.

Usidhani kwamba alikuja usiku akiwa amejifunika uso. Alikuja mchana, amevaa koti, akasalimia kwa adabu na kukubali kiti. Alikuwa mtu wa mtaani kwetu mwenye heshima zake, anayejulikana kwa "kufahamiana na wakubwa". Mazungumzo yalikuwa kwa lugha ya nyumbani. Nayatoa hapa kwa Kiswahili.

"Mama," alimwambia mama yangu, "wilaya itaajiri wauguzi. Nina mtu wangu ndani. Shilingi milioni nne, na jina la binti litakuwa kwenye orodha."

"Milioni nne nitazitoa wapi, mwanangu?"

"Shamba unalo, mama."

Kisha akatia methali ya kwetu, ambayo ndugu yake wa Kiswahili ni "penye udhia penyeza rupia". Mama aliponyamaza, akaongeza nyingine, iliyo sawa na "mkono mtupu haulambwi". Hapa nakuomba usimame kidogo, wewe unayejifunza lugha hii. Methali ni tamu, na utamu wake huifanya ionekane kuwa kweli. Lakini methali ni maoni ya watu waliokwisha kuishi. Haigeuki sheria kwa sababu ya vina vyake. Dalali hakuwa na hoja yoyote siku ile. Alikuwa na methali mbili na koti.

Jioni tulikaa watatu. Mama alinitazama mimi.

"Mwanangu, wewe ni mwalimu. Nikiuza kile kipande cha bondeni, mdogo wako atapata kazi?"

Kabla sijajibu, mdogo wangu alisema maneno ambayo nimeyarudia darasani mara nyingi tangu siku hiyo: "Kaka, nikiingia kwa milioni nne, nitazirudishaje? Mshahara hautazirudisha. Wagonjwa ndio watakaozirudisha."

Zingatia hapo, msomaji. Muuguzi aliyenunua nafasi yake huanza kazi akiwa na deni. Deni hilo halikai wodini peke yake bila kutafuta chakula. Litamfanya amwambie mama mjamzito anunue glavu zilizoletwa bure na serikali. Litamfanya amwache anayengoja kwenye benchi na kumwita yule aliyekunja noti mkononi. Kwa hiyo rushwa ya ajira haiishii kati ya dalali na familia moja. Hulipwa polepole na watu maskini zaidi, wakati wanapoumwa na hawana nguvu ya kubishana.

Nilimwomba mama tusiuze chochote mpaka tujue kwanza kazi hiyo ni mali ya nani. Swali hilo ni la uraia, na majibu yake yamo katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 198 inaanzisha tume ya utumishi katika kila wilaya. Wajumbe wake huteuliwa na baraza la wilaya kwa pendekezo la kamati tendaji, na lazima Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa iwaidhinishe. Ibara ya 200 inaipa tume hiyo ya wilaya mamlaka ya kuajiri, kuthibitisha kazini na kusimamia nidhamu ya watumishi wa wilaya, wakiwamo wauguzi wa vituo vya afya na wa hospitali za wilaya. Kwa hospitali kubwa za rufaa mambo ni tofauti: huko waajiriwa hupitia Tume ya Utumishi wa Afya, iliyoanzishwa na ibara ya 169. Ukijua haya mawili tu, unaweza kumuuliza dalali swali rahisi: "Huyo mtu wako ni mjumbe wa tume ipi?" Yule wetu alipoulizwa, alisema hayo ni mambo ya ndani.

Tulipata mwanga zaidi kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa umma, ambaye alitueleza jinsi biashara hiyo inavyofanya kazi. Tuseme dalali amechukua pesa kwa waombaji kumi. Hafanyi lolote. Anangoja matokeo. Watatu wakifaulu kwa uwezo wao, anawapigia simu na kusema, "Mmeona?" Pesa zao amekula. Saba waliobaki anawarudishia nusu, anaahidi duru ijayo, au anabadilisha namba ya simu. Hivyo mwenye kufaulu hulipia ushindi aliokwisha kuupata mwenyewe, na maisha yake yote huamini kwamba alinunua kazi. "Huyo," mzee alisema, "anauza mvua inayonyesha yenyewe."

Na kwa nini hakuna anayelalamika? Kwa sababu sheria yetu ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Katika kijiji cha jirani baba mmoja aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mwanawe. Kazi haikupatikana. Alipotaka kwenda polisi, aliambiwa aeleze kwanza pesa alizitoa kwa nia gani. Alirudi nyumbani kimya. Rushwa humwibia mtu mali, kisha humwibia na sauti ya kulalamikia wizi huo. Aliyekataa kutoa, kinyume chake, bado ana sauti: anaweza kupeleka taarifa katika ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali bila kujishtaki mwenyewe.

Baada ya hapo tuliacha kuzungumza habari za dalali, tukaanza kuzungumza habari za karatasi. Nitakusimulia hatua kwa hatua, kwa kuwa huenda wewe pia, au dada yako, mtapita njia hiyo hiyo.

Tangazo la kazi husomwa kama shairi gumu, neno kwa neno. Mdogo wangu alipolisoma kwa haraka aliona "wauguzi" akafurahi. Tuliposoma pamoja tuliona zaidi: cheo, sifa zinazotakiwa, ngazi ya mshahara, namba ya nafasi, anwani ya kupeleka maombi, na siku ya mwisho. Mwenye cheti na mwenye stashahada hawaombi cheo kimoja. Anayeandika cheo kisicholingana na karatasi zake amejiondoa mwenyewe, hata kama ni hodari kuliko wote.

Fomu ya maombi ya utumishi wa umma ilitakiwa kujazwa nakala tatu, zikiambatanishwa na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Hapo tulikutana na kikwazo ambacho huwaangusha vijana wengi: majina. Katika hati yake moja jina la ukoo lilikuwa na herufi moja zaidi, na katika nyingine mpangilio wa majina ulikuwa umegeuzwa. Sisi nyumbani hatukuona tatizo. Ni yule yule tunayemjua. Lakini tume haimjui. Kwa tume, majina mawili ni watu wawili. Ilibidi aape mbele ya kamishna wa viapo na kupata hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Ilimgharimu siku moja na pesa kidogo, na alipewa risiti. Nasisitiza risiti. Malipo halali huacha alama kwenye karatasi. Malipo yasiyo na karatasi yana sababu ya kuikimbia.

Kisha alipeleka maombi mwenyewe, akaomba nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Karani alishangaa kidogo, akagonga. Muhuri ule ni kitu kidogo sana, lakini unabadilisha mazungumzo. Bila muhuri, karatasi zako zikipotea, utaambiwa hukuleta. Ukiwa nao, ofisi ndiyo inayopaswa kueleza.

Wiki nyingi zilipita. Hatimaye orodha ya walioitwa kwenye usaili ilibandikwa kwenye ubao wa wilaya, na jina lake lilikuwamo. Neno "usaili" linatokana na kusaili, yaani kuuliza. Wengine husema "mahojiano". Yote mawili ni sahihi, ila "mahojiano" yana kiambishi cha kutendana ndani yake: mnahojiana. Nilimwambia mdogo wangu aingie na neno hilo la pili kichwani. Wao watamuuliza yeye, naye anaruhusiwa kuwauliza wao.

Swali lililompa nafasi ya kuonyesha ujuzi wake lilikuwa hili: mama amejifungua usiku katika kituo cha afya, anatokwa damu nyingi, daktari hayupo, utafanya nini? Alijibu kwa mpangilio. Ataita msaada kwanza, kwa kuwa mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Atakanda mfuko wa uzazi ili ujibane, atahakikisha kibofu ni kitupu, atampa dawa ya kuufanya mfuko ujibane na kumwekea maji ya mishipani. Ataangalia kama kondo la nyuma limetoka lote na kama pana mahali palipochanika. Wakati huo huo ataagiza gari la wagonjwa liandaliwe. Mjumbe mmoja alimuuliza, "Na ndugu zake walio nje?" Akajibu kwamba atamtuma mtu awaeleze ukweli kwa maneno wanayoyaelewa. Alipotusimulia hayo jioni, mama alisema, "Basi mwanangu ni muuguzi tayari, wakitaka wasitake."

Matokeo yalipotoka, hakuchaguliwa.

Sitakuficha kwamba ile ilikuwa wiki ngumu. Dalali alipita mbele ya nyumba yetu akasalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mama alimtazama mdogo wangu, kisha akaangalia upande wa bondeni, wala hakusema neno. Je, waliochaguliwa walilipa? Hatukuwa na ushahidi, na raia mwema hashtaki kwa uchungu. Tulichokijua ni kwamba nafasi zilikuwa chache na waombaji walikuwa wengi, na kwamba shamba lilikuwa bado letu.

Aliandika barua kwa hospitali moja ya kanisa. Hospitali za aina hiyo zina mizizi mirefu hapa kwetu: Mengo ilianzishwa mwaka 1897, Nsambya mwaka 1903, na Lacor karibu na mji wa Gulu mwaka 1959. Nyingi huajiri kupitia utawala wao wenyewe, bila kungoja tume ya wilaya. Ile iliyomchukua ni ndogo kuliko hizo, iko mbali na barabara ya lami, na malipo yake yalikuwa madogo. Alifanya kazi huko mwaka mmoja na nusu. Alijifunza kuandika ripoti ya zamu isiyomwacha mwenzake gizani, na alipoondoka alipewa barua ya kuthibitisha utendaji wake. Barua hiyo haikuwa katika bahasha ya plastiki mara ya kwanza.

Wilaya nyingine ilipotangaza nafasi, aliomba tena. Fomu nakala tatu, hati ya kiapo, leseni iliyohuishwa, muhuri wa mapokezi. Safari hii alichaguliwa. Ofisa Mtawala Mkuu wa wilaya alimwandikia barua ya uteuzi, naye akajibu kwa maandishi kwamba ameikubali. Nakukumbusha hatua hiyo, maana wapo wanaodhani kuikubali moyoni kunatosha. Ilichukua miezi mitatu jina lake kuingia katika orodha ya mishahara, na muda huo nilikuwa nikimtumia pesa za chakula. Leo yuko katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, katika wodi ya wazazi, ameshathibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio. Hana deni la mtu.

Sikuambii kwamba kila anayekataa kutoa hongo ataajiriwa. Hilo lingekuwa uongo, na wewe ungegundua mapema. Wapo waliofuata kila hatua na bado wanangoja. Ninachokuambia ni kwamba ujinga wa hatua ndio mtaji wa dalali. Kila hatua usiyoijua, yeye anaiuza. Kila hatua unayoijua, bei yake inashuka. Na ukikwama, kumbuka kwamba ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2005 inaeleza namna ya kuziomba.

Tazama, tumerudi kwenye kitenzi chetu: kuziomba. Ombaomba hutegemea huruma ya apitaye. Akinyimwa, hana pa kwenda. Mwombaji wa kazi ya umma hategemei huruma. Anapeleka ushahidi wa uwezo wake mbele ya chombo kilichowekwa na Katiba, kwa ajili ya nafasi inayolipwa kwa kodi ya mama yake mwenyewe. Akinyimwa, anaweza kuuliza, na anaweza kuomba tena bila aibu. Shina la neno ni moja, lakini mmoja ameketi chini na mwingine amesimama wima.

Kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Tafuta tangazo halisi la kazi, gazetini au kwenye ubao wa wilaya yako. Andika barua ya kuomba nafasi hiyo kwa Kiswahili, isiyozidi ukurasa mmoja. Usitumie neno "tafadhali" zaidi ya mara moja, na usimwite mwajiri "mheshimiwa sana". Taja unachokijua, taja karatasi ulizonazo, weka tarehe, kisha tia sahihi jina lako kama lilivyoandikwa katika vyeti vyako vyote.